Siku tisa bila kidonge

Chanzo kilikuwa jino. Gego la baba yangu lilikuwa limeoza kwa muda mrefu, naye akilivumilia kama anavyovumilia kila kitu, mpaka usiku mmoja likamkesha. Kesho yake akaenda kwa daktari wa meno. Akaulizwa anatumia dawa gani, akazitaja moja moja, na alipofika kwenye aspirini akaambiwa aiache wiki nzima kabla ya kung'olewa, damu isije ikakataa kukata. Akatii. Baba ni mtu wa kutii. Akakiweka kichupa juu ya kabati, akahesabu siku saba, jino likang'olewa, damu ikakata vizuri. Nia yake ilikuwa arudie kidonge kidonda kikishakauka.

Siku ya tisa, alfajiri, akaniita. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, njoo uguse mguu huu. Si wangu."

Niliugusa. Kuanzia katikati ya ugoko kushuka chini ulikuwa wa baridi kama mtungi, vidole vimepauka, na alipojaribu kuvikunja havikumsikia.

Mguu huo ulikuwa na baipasi. Miezi 14 kabla ya hapo, ateri kubwa ya paja, mshipa unaoupelekea mguu damu, ilikuwa imeziba kwa mafuta na chokaa, kidonda cha kisigino kikawa hakiponi, na daktari wa upasuaji akamwekea njia ya mchepuo: bomba lililoanzia kinenani, likapita chini ya ngozi ya paja, likaungwa tena kwenye ateri chini ya goti. Kidonda kilipona. Baba akaanza kutembea bila kusimama kila hatua hamsini kusugua kigimbi. Sisi nyumbani tukaihesabu ile kazi kuwa imekwisha. Mafundi wamekuja, wamejenga, wameondoka.

Hapo ndipo tulipokosea, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Operesheni ya baipasi ya mguu haiishi nyuzi zinapotolewa. Kidonge kile kidogo cha asubuhi ni sehemu ya operesheni yenyewe, sawa na uzi ulioshona bomba kwenye ateri. Ukikitoa, umefumua mshono mmoja usioonekana.

Hatukulijua hilo, na nadhani jina ndilo lililotupotosha. Kwetu aspirini ilikuwa "dawa ya damu nzito". Ukisema damu ni nzito, unaona kitu kama uji: dawa inauongeza maji, unakuwa mwepesi, unapita. Mtu mwenye picha hiyo kichwani hashangai akiambiwa apumzishe dawa kidogo. Damu si imekwishakuwa nyepesi? Kumbe aspirini haiifanyi damu kuwa nyepesi hata kidogo. Damu ya baba ilikuwa na uzito ule ule kabla ya kidonge na baada yake. Kinachobadilika ni tabia ya kitu kingine ndani ya damu hiyo, kitu ambacho sikuwahi kukifikiria mpaka nilipokaa usiku mzima kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji.

Kitu hicho ni chembe sahani. Mwaka 1882, mwanasayansi wa Italia aitwaye Giulio Bizzozero alichungulia kwa hadubini mishipa midogo ya wanyama walio hai, damu ikiwa inatembea. Pamoja na chembe nyekundu na nyeupe zilizokuwa zikijulikana, akaona vipande vidogo bapa, kama visahani. Akauchubua ukuta wa mshipa, akatazama ni nani atakayefika kwanza. Wakafika visahani. Vikajibandika penye jeraha, vikashikana, vikajenga kizibo kabla ya kitu kingine chochote. Mpaka leo huo ndio moyo wa habari yote.

Kila mikrolita moja ya damu, ujazo wa kichwa cha pini, ina chembe hizi kati ya 150,000 na 400,000. Zinatokana na seli kubwa za kwenye uboho wa mifupa, ambazo humeguka vipande vipande. Kila kipande ni chembe sahani moja. Kwa kuwa ni kipande tu, hakina kiini. Naomba msomaji alikumbuke hilo la kukosa kiini, maana nitalirudia.

Mshipa wenye afya umetandikwa ndani kwa safu moja ya seli laini. Safu hiyo haikai tu kama zulia. Inatoa kemikali zinazoziambia chembe sahani zipite salama. Mojawapo ni prostasaiklini, nyingine ni gesi ya nitriki oksaidi. Safu ikichubuka, sauti hiyo ya kutuliza inakatika mahali pale, na kolajeni, protini ya nyuzi za ukuta iliyokuwa imefunikwa, inabaki wazi. Protini ndefu iliyopewa jina la Erik von Willebrand, daktari wa Finland aliyeeleza ugonjwa wa kutokwa na damu mwaka 1926, inajishika hapo kama ndoano. Chembe sahani zinazopita kwa kasi zinanaswa, zinabingirika kidogo, zinasimama. Kisha zinageuka. Kisahani kinatoa mikono, kinajitandaza, na kinapiga mbiu.

Kwa kweli kinapiga mbiu mbili. Ya kwanza ni thromboksani, ambayo kinaitengeneza papo hapo. Ya pili ni kemikali iitwayo ADP, ambayo kilikuwa kimeihifadhi katika vifuko vyake. Chembe zilizo jirani zikisikia, nazo zinageuka, zinafungua mikono ya kushika fibrinojeni, protini ya kwenye damu, nayo inaziunganisha moja kwa nyingine kama kamba. Ndani ya dakika chache kuna bonge. Ukijikata kidole, bonge hilo linakuokoa. Ndani ya bomba la baipasi, bonge hilo hilo linaua mguu.

Aspirini inanyamazisha mbiu ya kwanza. Inakiharibu kimeng'enya kinachotengeneza thromboksani, na inakiharibu moja kwa moja, hakirudi. Seli nyingine za mwili zingetengeneza kimeng'enya kipya kesho yake, maana zina kiini chenye maelekezo. Chembe sahani haina. Iliyoguswa na aspirini itakuwa bubu wa thromboksani mpaka siku ya kufa kwake, siku saba mpaka kumi baadaye. Ndiyo maana dozi ndogo ya miligramu 75 mpaka 100 kwa siku inatosha, na ndiyo maana seli za ukuta wa mshipa, zenye viini vyao, zinaweza kuendelea kutoa prostasaiklini yao ya kutuliza.

Sasa fanya hesabu ya baba. Kila siku uboho unamwaga chembe sahani mpya, karibu moja ya kumi ya zote, na mpya hizo hazijawahi kuonja aspirini. Siku ya kwanza bila kidonge, moja kati ya kumi inaweza kupiga mbiu. Siku ya tatu, tatu. Wala si lazima zote ziwe mpya. Zenye sauti zinaziamsha nyingine. Kufikia siku ya saba, siku ya jino, sehemu kubwa ya jeshi lilikuwa jipya. Kufikia ya tisa lilikuwa karibu lote. Bomba la plastiki lenye urefu wa paja zima lilikuwa limekaa ndani ya mwili wa mtu ambaye damu yake ilikuwa imerudi kuwa damu ya mtu asiyetumia dawa yoyote.

Siapi kwamba jino ndilo lililoziba bomba. Mabomba ya namna hiyo huziba hata kwa watu wasiokosa kidonge hata siku moja. Lakini hesabu ya siku nimeifanya mara nyingi mno, na kila mara inaniishia pale pale.

Nimesema bomba la plastiki, na hapo pana jambo linalobadilisha kila kitu kuhusu dawa.

Baipasi ya kwanza ya mguu kwa kutumia vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ilifanywa Paris mwaka 1948 na Jean Kunlin. Alichukua vena ndefu ya mguu wa mgonjwa mwenyewe, ile inayopanda kwa ndani kutoka kwenye kifundo mpaka kinenani, akaigeuza juu chini kwa sababu vena ina vali zinazoruhusu damu kwenda upande mmoja tu, kisha akaishona ubavuni mwa ateri, juu na chini ya mahali palipoziba. Hakuikata ateri ikaisha. Aliacha matawi yake madogo yaendelee kulisha mguu. Zaidi ya miaka 75 imepita na vena ya mtu mwenyewe bado ndiyo malighafi bora. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2022, BEST-CLI, uliwafuata wagonjwa ambao miguu yao ilikuwa hatarini kukatwa. Waliokuwa na vena nzuri wakafanyiwa baipasi walifanya vizuri kuliko waliotibiwa kwa puto la kupanulia mshipa na stenti, kijibomba cha kuuacha wazi: kifo au balaa kubwa la mguu liliwapata asilimia 42.6, dhidi ya 57.4.

Baba hakuwa na vena nzuri. Ya mguu wa kushoto ilishatumika kwenye operesheni ya moyo miaka mingi nyuma, na ya kulia ilikuwa nyembamba, imejaa makovu ya uvimbe wa zamani. Kwa hiyo akawekewa bomba la plastiki, ya jamii ile ile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Nilipoambiwa hivyo nilifarijika. Kama yai haligandi, damu itagandaje?

Inaganda. Protini za damu hujibandika kwenye plastiki ndani ya sekunde, na chembe sahani hujibandika kwenye protini hizo. Watafiti waliwahi kuzitia chembe sahani alama ya mionzi, wakazirudisha mwilini na kuzipiga picha, wakaziona zimejikusanya kwenye mabomba ya bandia kuliko kwenye vena. Pia walitegemea seli laini za ateri zitambae na kulitandika bomba kwa ndani. Kwa binadamu hutambaa sentimita moja au mbili kutoka kila ncha, kisha husimama. Katikati panabaki uchi miaka yote. Hakuna prostasaiklini, hakuna wa kusema piteni salama. Sauti pekee ya kutuliza ndani ya bomba la namna hiyo ni ile inayoletwa na kidonge.

Vena nayo ina matatizo yake, ila ya aina nyingine. Kuichomoa, kuinyoosha, kuisukumia maji, vyote huichubua. Halafu vena iliyozoea mkondo wa polepole inapewa ghafla shinikizo la ateri. Chembe sahani hujibandika penye michubuko, na zikifungua vifuko vyao hazimwagi ADP peke yake. Zinamwaga pia protini inayochochea ukuaji, ambayo huziamsha seli za misuli ya ukuta wa mshipa zihame na kuzaliana kuelekea ndani. Ukuta unanenepa, njia inapungua. Ndiyo sababu madaktari wana kalenda yao. Pandikizo, yaani vena au bomba lililoshonwa, likiziba katika mwezi wa kwanza, wanashuku ufundi: mshono uliobana, vali iliyosalia, ateri ya chini isiyopokea. Likiziba kati ya mwezi wa kwanza na mwaka wa pili, wanashuku unene huo. Baada ya hapo ni ugonjwa ule ule wa mafuta na chokaa unaosonga mbele juu au chini ya pandikizo.

Unene wa ukuta ndio ambao dawa zimeshindwa kuudhibiti. Nalisema kwa uchungu, kwa kuwa nilipoanza kusoma nilikuwa na hamu ya kukuta dawa ya kila kitu. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu 1,404 ambao vena zao zilichovywa, kabla ya kushonwa, katika dawa iliyobuniwa kuzuia seli zisizaliane. Haikusaidia. Aspirini nayo inazuia bonge. Unene inaugusa kidogo mno. Mwenye baipasi ya vena asidhani kidonge kinamwondolea haja ya kupimwa kwa ultrasaundi katika ile miaka miwili ya mwanzo. Penye wembamba pakionekana mapema panaweza kupanuliwa. Pakishaziba kabisa, ni habari nyingine.

Usiku ule wa benchi tulikuwa kwenye hiyo habari nyingine. Mguu usiopata damu huhesabiwa kwa saa. Walimwekea heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwenye mshipa, wakampiga picha, wakamwingiza ndani. Kifaa walichotumia kilibuniwa na Thomas Fogarty mwanzoni mwa miaka ya 1960: mrija mwembamba wenye kiputo nchani, unaopitishwa ukiwa umenywea mpaka ng'ambo ya bonge, ukajazwa, kisha ukavutwa nyuma pamoja na bonge lenyewe. Puto la kwanza kabisa alilitengeneza kwa kidole cha glavu ya mpira, akalifunga kwa mafundo ya wavuvi wa ndoano. Lilipomtoka baba, bonge lilikuwa refu kama mkono wangu. Daktari alinionyesha. Juu lilikuwa jekundu, laini. Upande wa chini, karibu na mshono wa goti, palikuwa na kipande cheupe kigumu.

"Huu mweupe ndio ulioanza," akasema. "Hizo ni chembe sahani. Mwekundu ulikuja baadaye, damu iliposimama."

Asubuhi alikaa kitandani pa baba.

"Mzee, nani alikuambia uache aspirini?"

"Daktari wa meno."

"Mbona hukunipigia simu?"

Baba akatazama shuka. "Niliona ni kidonge kidogo, Daktari. Niliogopa kukusumbua."

Hakumkaripia. Alisema jambo ambalo natamani lingebandikwa kwenye kila kiti cha kung'olea jino: kwa jino la kawaida, mtu anayetumia aspirini peke yake kwa kawaida haachi. Damu inachelewa kukata, basi. Anauma pamba kwa muda mrefu zaidi, pengine anashonwa nyuzi moja mbili, anaweza kupewa dawa ya kusukutua ya kuimarisha bonge. Fizi inayovuja unaiona na unaibana kwa kidole. Bomba lililo ndani ya paja huwezi kulibana wala kuliona.

Sina hasira na yule daktari wa meno. Aliogopa damu, na kuogopa damu ni kazi yake. Hata habari ya kwanza kabisa ya kwamba aspirini inazuia mabonge ilianzia kwenye koo linalovuja. Lawrence Craven, daktari wa kawaida huko California, aliwaona wagonjwa wake waliokatwa tonsili wakitokwa damu kupita kiasi, na waliotokwa zaidi walikuwa wale wanaotafuna sana jojo yenye aspirini ya kutuliza maumivu. Wengine wangeishia kuipiga marufuku jojo. Yeye akajiuliza kama kitu kinachozuia damu kukata kooni kingeweza kuzuia bonge moyoni, akaanza kuwapa wanaume wenye umri wa kuugua moyo. Ilikuwa karibu mwaka 1950. Namna aspirini inavyofanya kazi ilikuja kuelezwa na John Vane mjini London mwaka 1971, naye akapata Nobeli mwaka 1982 pamoja na wenzake wawili wa Sweden.

Baba alipotoka hospitalini alikuwa na vidonge viwili: aspirini, na klopidogreli, inayoziziba chembe sahani masikio zisisikie ile mbiu ya pili, ya ADP. Niliuliza kwa nini hakupewa viwili tangu mwanzo. Jibu lilinipeleka kwenye tafiti, na humo nikajifunza kuheshimu swali la "bomba gani?".

Jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2000 lilikuwa na wagonjwa 2,690 wa baipasi ya mguu. Nusu walipewa aspirini, nusu dawa za jamii ya warfarini, ambazo hazigusi chembe sahani; zenyewe zinazuia protini za damu kujenga nyuzi za fibrini. Ukiwaweka wote pamoja, hakukuwa na mshindi. Ukiwatenganisha, picha inageuka: wenye vena walifaidika zaidi na jamii ya warfarini, wenye bomba la bandia walifaidika zaidi na aspirini. Na waliotokwa damu nyingi upande wa warfarini walikuwa karibu mara mbili ya upande wa pili. Mwaka 2010 jaribio la CASPAR likachukua watu 851 waliowekewa baipasi kushuka chini ya goti, wote wakitumia aspirini, nusu wakaongezewa klopidogreli. Kwa ujumla, kuongeza hakukuwa na faida. Kwa wenye vena, hapana kabisa. Kwa wenye bomba la bandia, hatari ya pandikizo kuziba, mguu kukatwa au mgonjwa kufa ilishuka kwa takriban theluthi moja. Kutokwa damu kukaongezeka, ingawa kwa kiasi kikubwa ni kule kudogo na kwa wastani.

Matokeo yanayopatikana kwa kuwagawa watu makundi baada ya jibu la jumla kuwa hapana yanatakiwa kushikwa kwa tahadhari, na daktari wa baba alinikumbusha hilo mara mbili. Lakini mimi naona majaribio hayo mawili, yaliyofanywa na watu tofauti kwa dawa tofauti, yanaelekeza kidole mahali pamoja. Plastiki ina ugomvi na chembe sahani. Vena ina ugomvi na mambo mengine pia. Kuwapa watu hawa wawili agizo moja kwa sababu wote "wana baipasi" ni kuusahau ugomvi ulivyo.

Halafu mwaka 2020 likaja jaribio la VOYAGER, la watu 6,564 waliofunguliwa mishipa ya miguu kwa upasuaji au kwa puto. Wote walitumia aspirini. Nusu wakaongezewa rivaroksabani kwa dozi ndogo sana, miligramu 2.5 mara mbili kwa siku. Rivaroksabani haizuii chembe sahani moja kwa moja. Inapunguza thrombini, ambayo hujenga fibrini na papo hapo ni mchochezi mkali wa chembe sahani. Katika miaka mitatu, mguu kukosa damu ghafla, kukatwa, shambulio la moyo, kiharusi au kifo cha moyo na mishipa viliwapata asilimia 17.3 ya waliopewa dawa zote mbili, na 19.9 ya waliopewa aspirini peke yake. Kutokwa damu kukubwa kulikuwa asilimia 2.65 dhidi ya 1.87. Niliziangalia namba hizo jioni nzima. Tofauti ya asilimia mbili na nusu hivi inaonekana ndogo mpaka uwe umegusa mguu wa baridi.

Lakini nimegusa pia upande wa pili. Baba akijinyoa, tone halikati upesi. Mikono yake ina mabaka ya zambarau asiyokumbuka yalitoka wapi. Mwezi wa tatu choo chake kikawa cheusi kama lami. Alikuwa ameanza kumeza diklofenaki za goti bila kuniambia, na tumbo likachubuka. Dawa za maumivu za jamii hiyo zikikutana na aspirini, tumbo ndilo linaloumia, na ibuprofeni ina kosa lake la ziada: ikitangulia kumezwa, inakalia kiti ambacho aspirini ilitakiwa ikalie kwenye kimeng'enya, aspirini inapita bila kufanya kazi. Akaandikiwa dawa ya kulinda tumbo, na hapo tena daktari akachagua kwa makini, kwa sababu klopidogreli humezwa ikiwa bado haijaiva; ini ndilo linaloigeuza kuwa dawa, na omeprazoli inakizuia kimeng'enya cha ini kinachofanya kazi hiyo. Baada ya tumbo kupona alibaki na dawa mbili, aspirini na klopidogreli, na goti linapakwa dawa ya kuchua.

Sigara aliiacha mwenyewe, usiku wa puto, bila hotuba ya mtu. Wanaoendelea kuvuta baada ya baipasi huzibiwa pandikizo karibu mara tatu ya wasiovuta, na hakuna kidonge nilichokitaja humu chenye uwezo wa namna hiyo.

Kila jioni naweka vidole viwili juu ya unyayo wake, kisha nyuma ya kifundo kwa ndani, natafuta mapigo. Mara nyingine nayapata mara moja, mara nyingine dakika nzima. Vidole viwili vya mwisho vimebaki na ganzi tangu asubuhi ile. Kichupa cha aspirini kimeshuka kutoka juu ya kabati. Kinakaa kando ya mswaki.

Mwezi uliopita jino jingine likaanza. Safari hii alimpigia simu daktari wa upasuaji kabla ya kwenda popote, naye akazungumza na daktari wa meno mwingine, wawili hao wakakubaliana: hakuna kitakachoachwa, jino moja tu, asubuhi, mapema, ili ikivuja kuwe na mchana mzima wa kuishughulikia. Baba alimeza vidonge vyake viwili nikiwa nimesimama mlangoni. Jino likatoka. Shimo likashonwa nyuzi mbili, akauma pamba, ikalowa, ikabadilishwa, ikalowa, ikabadilishwa. Ilichukua karibu saa nzima kabla ya pamba kutoka nyeupe.

Tulipofika nyumbani alikuwa bado hawezi kusema, shavu limevimba, pamba mdomoni. Akaketi, akavua kiatu na soksi, akaunyoosha mguu mbele yangu na kunionyesha kwa kidole niuguse. Ulikuwa wa moto.